Mkalimani wa Posa Yangu Mwenyewe

Mwari hakai na wageni siku anayoposwa. Hufichwa chumbani, akatega sikio nyuma ya mlango. Mimi niliketi mkekani, uso kwa uso na washenga, kwa kuwa baba na mama walikuwa viziwi na pale Likombe hapakuwa na mwingine aliyeijua lugha yao ya mikono. Tuliijua sisi watatu tu. Mjomba, naye aliijua, angekuwepo angenipokea mzigo ule, ila alikwisha kufa.

Kuwasemea nilianza tangu meno ya utotoni. Dukani Mikindani, kwa mganga, msibani, mdomo wao ni mimi. "Mwambie babako," basi; langu hakuna aliyeliuliza. Wenzangu waliniita mtoto wa mabubu, nami nina ulimi, nikiwajibu wanakoma. Lakini nikirudi nyumbani na wimbo kichwani, sikuwa na wa kumwimbia. Nilikuwa mpweke, jamani, na wazazi wangu wako pale pale wananitazama.

Washenga walikuwa wazee wawili wa Mikindani, wakataka nikaishi kule kwa mume. Mmoja akanisifu, ikabidi nimwambie baba kwa mikono kuwa binti huyu ana adabu na mapishi anayajua. Aibu gani ile! Mama akafurahi, siku nyingi alikuwa akiniombea mume. Baba hakuwatazama wageni. Alinigusa begani, akageuza kiganja juu: wewe je?

Nikawaambia washenga, "Baba anauliza, mwenyewe anasemaje?"

Wakangoja. Kwetu msichana hasemi hataki mbele ya wazee, bora afe. Nikawageukia wazazi wangu, mikono ikasema: sitaki, nikienda nani atawasemea? Washenga waliona vidole vinacheza na mdomo umefumba. Mzee mmoja akatabasamu, akasema kimya cha mwari ni ridhaa, wakainua mikono kuomba dua.

Baba hakuinua yake. Alisimama, akakichukua kisahani cha tambuu ya posa walichokuja nacho, akakirudisha mapajani mwa mzee yule, taratibu. Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Posa nyingine haikuja. Nani amtake binti aliyekaa kwenye posa yake? Mama alinuna siku nyingi, kisha akanisimamishia kidole kimoja mbele ya uso: utabaki hivi. Mie nikacheka, kwa kiburi cha ujana.

Sasa wote wawili wamezikwa Likombe. Sijuti, ila mama alisema kweli. Hapa Magomeni nilikohamia majirani zangu ni wema, tunapiga soga kutwa. Lakini juzi nilipoepua mihogo, mkono wangu uliinuka wenyewe kumwita baba aje ale, na duniani hakuna aliyebaki ambaye angejua nimesema nini.