Injini Inagonga, Baba Hasikii

Tulipoiacha Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa, si ile ya ng'ambo, pikapu ilianza kupanda mlima na injini ikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo. Nilikuwa nimekaa mbele na baba, aliyekuja kunipokea stesheni, mimi nikirudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Nikamtazama. Usukani mkononi, kofia kichwani, uso umetulia kabisa. Nikapiga kelele, "Baba, gari inagonga!" Akanitabasamia, akanionyesha kwa kidevu jinsi pamba ya watu ilivyostawi kando ya barabara.

Masikio ya baba yalikuwa yameshakufa. Yalianza kutoka usaha nilipokuwa darasa la nne. Tukatia mafuta ya nyonyo, tukakamulia majani, mwishowe akaenda hospitali ya misheni, akaambiwa ngoma za masikio zimetoboka zote mbili na amechelewa. Mtu aliyekuwa haishi maneno akaacha kwenda barazani, maana utacheka nini na wenzako usichokisikia? Mama alizoea kusema naye kwa mikono. Mimi subira hiyo sina, sijawahi kuwa nayo. Nikisema mara mbili asielewe, naondoka zangu.

Kitu kilichombakiza kati ya watu kilikuwa ile pikapu. Zamani alikuwa dereva wa shamba la mkonge, na mashamba yalipotaifishwa meneja wake alimuuzia kwa bei ya kutupa, ikiwa tayari imechoka. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, karibu na Mikumi, vijana walimwita kabaila, mnyonyaji mwenye gari, kisha asubuhi hao hao wamejipanga mlangoni na magunia yao: "Mzee, tufikishe Kilosa." Akishika usukani hakuna aliyekumbuka kwamba hasikii. Watu walimpungia mkono njia nzima naye akawapungia.

Likizo ile kila safari kugonga kuliongezeka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ilikuwa kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Ikishapata moto, na hasa mlimani, ilikuwa kama mtu anataka kuvunja mlango. Abiria wa nyuma wakaanza kutazamana. Nikamshika baba mkono nikampeleka kwa fundi, Mikumi. Fundi hakuinuka hata kwenye benchi lake. Alisikiliza kidogo akatikisa kichwa.

"Dada, hii imenoki," akaniambia. "Shafti imeliwa. Mwambie mzee auze chuma."

Mwambie mzee! Kwa mdomo upi? Nikanyoosha kidole kwenye injini, nikajipitisha mkono shingoni. Baba alielewa. Tulipofika nyumbani hakushuka. Alikaa mle ndani, mikono juu ya usukani, gari limezimwa, hadi magharibi. Mama alimtazama kutoka mlango wa jikoni akasema, "Ikiuzwa hiyo, baba yenu hatatoka tena ndani ya nyumba hii. Mtamzika akiwa hai." Nilimwambia asitupigie uchuro, lakini nilijua anasema kweli, na usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi baba aliniita. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa mwenyewe hakuisikia.

"Wewe una masikio. Niambie inagongaje."

Nikamwigizia kwa mdomo: ngo, ngo, ngo. Jamani! Kumwigizia kiziwi! Baba akanitazama mdomo, mimi nikajishtukia, tukacheka wote wawili mpaka mama akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Kisha baba akawasha gari, akafungua boneti, akainama juu ya injini na kunipa mgongo.

"Nigonge hapa," akasema. "Vile vile inavyogonga. Ikipunguza, punguza. Ikiongeza, ongeza."

Basi nikakunja ngumi nikaanza kumgonga baba yangu mgongoni kwa vifundo vya vidole. Akivuta waya wa mafuta, injini inanguruma, nami namtwanga haraka haraka. Akiachia, nami napoa. Mara ananigeukia kwa ukali: "Usinipigie ngoma ya harusi! Nipe kama ilivyo!" Nami namjibu, ingawa hasikii, "Ndivyo ilivyo, mzee!" na kumtwanga zaidi.

Akazungusha kitambaa kikavu mkononi, akaanza kuchomoa waya za plagi, moja baada ya moja. Baadaye alinieleza: ukichomoa waya, pistoni ile inakosa moto, inapanda na kushuka bure bila kusukuma kitu. Kama yeye ndiye mgonjwa, kelele inapungua. Akachomoa wa kwanza. Gari likatetemeka, ngo, ngo zile zile. Wa pili, vivyo hivyo. Akachomoa wa tatu, na mlio ukanywea ghafla, nami nikajikuta namgusa mgongo kwa ncha ya kidole tu. Baba akaganda. Akaurudisha waya, nikamtwanga. Akauchomoa, nikamgusa.

"Ya tatu," akasema taratibu.

Nilishangaa, wallahi. Lakini yeye hakuridhika, maana kila alichokijua kilipita mkononi mwangu, na mkono wangu hakuuamini. Akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta, akaweka ncha moja kwenye ubavu wa injini na nyingine sikioni, kama alivyofanya enzi zake. Kimya. Akajaribu sikio la pili. Nilitaka kumwambia aache, nilimwonea huruma mno. Kisha akahitaji mikono yote miwili, mmoja wa kuvuta mafuta na mwingine wa kuchomoa waya. Hakuwa na pa kuushikia ule mpini, akauuma kwa meno.

Akaruka nyuma. Mpini ukaanguka chini. Nilidhani umeme wa plagi umempiga, nikakimbia kumshika. Akanisukuma, akauokota, akaufuta kwenye kanzu, akauma tena na kuuelekeza pale pale. Nikaona macho yake yanatanuka.

"Inagonga!" akapiga kelele, mpini umembana ulimi. "Naisikia! Inagonga!"

Subhanallah. Ugonjwa uliotunyima usingizi nyumba nzima, baba yangu akaufurahia kama aliyepata mtoto. Masikio yaliyozishinda dawa zote, sauti ikayapita pembeni, ikaingilia kwenye meno na mifupa mpaka kichwani. Akaisogeza ncha huku na huku juu ya chuma, akisikiliza sehemu kwa sehemu, akitikisa kichwa, akikubali, akibishana na injini peke yake.

"Shafti ni nzima," akasema mwishowe. "Ni beringi ya konrodi, mkono wa pistoni ya tatu, basi. Tukiacha kuiendesha leo, inapona. Hauzwi mtu hapa." Na ndivyo ilivyokuwa mafundi walipokuja kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: beringi imekwanguka, shafti haijaguswa.

Akazima gari. Lakini hakuutoa mpini mdomoni. Alibaki ameinama, amefumba macho, akisikiliza chuma kinavyopoa, vile vimlio vidogo ambavyo mimi mwenye masikio yangu sijawahi kuvijali. Nilisimama pale nikimtazama, na sijui nini kilinituma. Niliushika mpini taratibu, nikaiondoa ncha ile kwenye injini, nayo imejaa oili, nikaiweka chini ya koo langu.

Miaka yote ile nilikuwa nampigia kelele. Sikujua nianze vipi kusema polepole.

"Baba," nikasema. "Shikamoo."

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni, kisha barabarani, akimtafuta mwanamke aliyesema. Sauti yangu aliiacha nikiwa mtoto wa darasa la nne.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Ndivyo nilivyo sasa."

Akanitazama mdomo. Machozi yakamtoka, akaung'ata mpini kwa nguvu, akanipungia mkono niendelee kusema.