Msikiti wa Mita Kumi

Nguma wa Mishomoroni alichimba visima tangu hajaota ndevu, na kipimo chake kilikuwa mikono yake mwenyewe. Akiinyoosha, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo ni pima moja, mita mbili kasoro kidogo, na mtaa mzima uliikubali. Mkono mmoja uliwahi kuvunjika alipoanguka kwenye mkorosho, ukaunga kombo kidogo, lakini hayo tuyaache. Uani kwake alikuwa na kisima cha maji matamu, wala si ya chumvi kama ya wengi wa Kisauni. Nyumba kumi na moja zilikitegemea.

Mwaka wa tisini na sita akaja Bwana Jaffar kutoka ofisi ya barabara huko mjini. Kijana wa watu, adabu anayo, viatu vinang'aa hata kuku wakampisha.

"Shikamoo, mzee. Barabara mpya yapita huku. Kisima kilicho chini ya mita thelathini kutoka katikati ya barabara kitafukiwa. Chako kiko mita ishirini."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo barabara iko wapi, nikapime?"

"Haijajengwa bado. Iko kwenye ramani."

"Alaa! Kumbe kisima changu kimeisogelea barabara isiyokuwepo."

"Mzee, ramani hii imechorwa na kompyuta. Kompyuta haikosei."

Nguma akainamisha kichwa kwa heshima. Umri wote ule alikuwa hajakutana na kitu kisichokosea, na leo kimemfikia mlangoni, kimekunjwa mara nne. Jaffar akapaka alama nyekundu kwenye ukingo wa kisima, akasema kitafukiwa baada ya siku saba.

"Baba, wanyamaza tu?" Waridi, mkewe, akamwuliza. "Nikachote wapi mimi, kule mbali Mjambere? Na magoti haya?"

Nguma akakuna kidevu. Barabara haikuwepo, lakini msikiti ulikuwepo, ng'ambo ya njia, na msingi wake aliuchimba yeye.

"Hebu, mwanangu, msikiti wetu umo humo ramanini?"

"Umo." Jaffar akaweka rula. "Ukuta wa mbele, sentimita mbili. Imeandikwa hapa chini, sentimita moja ni mita tano. Kwa hivyo ni mita kumi."

"Kumi! Wallahi, basi Ijumaa huwa twaswali tumebebana mabegani. Mimi niliupima pima kumi na moja."

Tepu ya kupimia ilikuwamo garini, ingali kwenye nailoni yake, maana mwenye kompyuta aichafue ya nini? Wakaenda, wakapima. Mita ishirini. Jaffar akaigeuza tepu, akapima tena. Ishirini.

"Labda msikiti umeongezwa," akasema.

"Umekua," Waridi akajibu. "Si twaumwagilia maji ya kisima?"

Kijana akakaa kwenye baraza, akaisoma upya karatasi yake hadi chini. Hatimaye akakiri. Ramani ilichorwa kwa karatasi kubwa, lakini mashine ya ofisini ya kuchapishia ilikuwa na karatasi ndogo tu, basi ramani ikabinywa nusu ili itoshee. Msikiti ukakonda, njia zikakonda, ila yale maandishi ya chini yakabaki vilevile; hakuna aliyeyaambia nayo yapungue. Kila kilichopimwa humo kilitakiwa kuzidishwa mara mbili. Kisima kilikuwa mita arobaini kutoka barabarani.

"Alhamdulillahi," Nguma akasema. "Basi futa alama yako."

"Siwezi, mzee. Ripoti ya mita ishirini ilishapelekwa, na mkubwa wangu ameitia sahihi. Mkubwa hawezi kukosea."

Huyo wa pili, Nguma akahesabu moyoni.

Siku ya sita Jaffar akarudi na barua. Ilisema kwamba mwenye kisima, kwa utiifu mkubwa, amekihamisha kisima chake mita ishirini nyuma, na ofisi imeridhika.

"Nimekihamisha na nani?" Nguma akauliza.

"Peke yako, mzee. Ofisi yakupongeza. Weka kidole gumba hapa."

"Maadamu ana nguvu hizo," Waridi akasema, "mwandikieni nyingine, asogeze na soko lije hapa mlangoni."

Nguma hakucheka. Maisha yake yote hakuwahi kumdanganya mtu hata nusu pima, na sasa alitakiwa aape kwamba amebeba shimo mgongoni. Akakitazama kisima, pale pale alipokichimba. Kisha akabonyeza kidole kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi.

Kidole hakijakauka, Waridi alikwisha tumbukiza ndoo.