Kitako cha Bunduki ya Marehemu

Tulimzika mume wangu nyumbani Machakos, nikarudi Toronto, na kabla sijafua nguo za safari shemeji yangu, mdogo wa marehemu anayeishi huku huku Toronto, akapiga simu. Pole yake ilikuwa fupi. Kisha akasema wazee wameketi na wameonelea ile bunduki ya marisau, marehemu aliyokuwa akiwindia mabata bukini, iende kwake. Silaha ya mwanamume humfuata mwanamume, alisema.

"Na hiyo nyumba, shem," akaongeza, "ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Tutakuja tuongee."

Basi nikajua. Mambo haya huanza hivyo hivyo: leo fimbo na koti, kesho paa. Nyumba hii ya mtaa wa Agincourt nimeilipia kwa kuwageuza wagonjwa vitandani, mgongo wangu ndio shahidi, na sikuwa na nia ya kumpa mtu hata komeo la mlango.

Leseni ya silaha ninayo. Marehemu alinikokota darasani tukasome pamoja. Mimi nikafaulu, yeye akarudia mtihani. Bunduki ilikuwa tayari imehamishiwa jina langu. Tatizo lilikuwa kitako. Mume wangu alikuwa mrefu wa kuinama milangoni, nami nilimfikia kifuani. Nilipoiweka begani, kidole hakikufika vizuri kwenye kifyatulio. Nitasemaje bunduki ni yangu na kuishika siwezi?

Binti yangu akanipeleka na bunduki yangu duka moja la silaha kule Downsview, katikati ya maghala. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alinikumbusha kwanza sheria: ndani ya nyumba itakaa kabatini, imefungwa kwa kufuli, bila risasi. Nikamwambia sheria naijua, anionyeshe vitako.

Alianza na mshikio mtupu, kama wa bastola, usio na kitako kabisa. Unatisha, alisema. Nikaushika. Uzito wote ukaangukia kiganjani, na shavu halikuwa na pa kuegemea. Bunduki usiyoiegemeza shavu hujui inaelekea wapi. Nikamrudishia.

Akaleta kitako kifupi cha vijana. Kilinienea, Mungu anisamehe, kilinienea kabisa. Nikakikataa. Nimezaa watatu, nimezika mume, halafu nishike kitako cha mtoto shemeji apate cha kuchekea!

Cha tatu kilikuwa cha plastiki nyeusi, kinachovutwa na kusukumwa kikawa kirefu au kifupi upendavyo. Muuzaji alikisifu sana. Binti yangu, ambaye huniitikia kwa Kiingereza hata nikimwombea dua, akafurahi.

"Mum, that's the one. It fits everybody."

Hapo ndipo kilipojikosesha. Kinachomfaa kila mtu kitamfaa na baba yake mdogo.

"Nataka hiki hiki cha mbao, cha marehemu," nikamwambia kijana. "Kikate."

Akanionya kwamba mbao ikishakatwa hairudi. Hakuna mtu mrefu atakayeitumia tena bunduki hii, na bei yake itashuka.

"Ndicho ninachotaka."

Akanikunjisha mkono, akaweka mwisho wa kitako ndani ya kiwiko changu, akatazama kidole kinafika wapi, kisha akapiga mstari wa penseli. Msumeno ulipoanza nililia. Sehemu ile ndiyo iliyokaa begani mwa mume wangu miaka yote. Binti yangu aliniuliza kama wasimamishe, nikasema waendelee. Walipomaliza kubandika mpira mpya mwishoni, nikaomba na kile kipande.

Jumamosi shemeji akaja na mkewe na mzee mmoja wa kanisa. Wakala mandazi, wakamsifu marehemu, wakaombea nyumba yangu kwa macho yanayozunguka kuta. Nikawaongezea chai. Shemeji alipoitaja bunduki niliifuata kabatini, nikaifungua waone haina kitu, nikampa.

Akaiweka begani, akaielekeza pembeni kusiko na mtu. Kidole gumba kikamgonga pua. Akajaribu tena, akagonga tena.

"Umeiharibu, shem! Sasa hii itamfaa nani?"

"Mimi."

Nikaweka kile kipande cha mbao mezani, kando ya kikombe chake. "Hiki ndicho kilichonizidi. Chukua, kilikuwa cha kaka yako."

Akakigeuzageuza mkononi. Mkewe alitazama chai yake. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema kwa upole, "Na sasa, mama, kuhusu nyumba..."

"Nyumba nayo nimeipima," nikamwambia. "Haina kilichozidi."