Majeshi Yatasogea Kwenye Daraja

Nilikuwa nimeshastaafu ualimu wa Kiswahili, nimerudi kwetu Waa kulima mihogo na kumsumbua mke wangu, pale meneja wa hoteli moja ya Diani aliponipigia simu. Nilipata kumfundisha.

"Shikamoo mwalimu. Una suti?"

Nilimwambia ninayo, ingawa kifungo cha tumboni kilikuwa kimestaafu kabla yangu.

Ulikuwa msimu wa mvua na hoteli ilikuwa tupu. Kwa hivyo ilikubali kwa furaha kupokea mkutano wa amani wa nchi moja ya bara, ambayo sitaitaja. Serikali na waasi wa nchi hiyo walikuwa wakipigania daraja. Kila upande ulikuwa na lugha yake na uliikataa ya mwenziwe, lakini wote walijua Kiswahili, wakakubaliana kuzungumza hicho. Basi alitakiwa mtu wa kuyaandika makubaliano, mjuzi wa lugha na asiye na upande. Siasa yangu yote ilikuwa kugombea uenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji na kushindwa. Nikaonekana nafaa.

Msuluhishi alikuwa balozi mstaafu kutoka Ulaya, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili kizuri cha darasani. Aliniamkia "Sabalkheri" hata jioni. Serikali iliongozwa na Waziri, mtu wa manukato na miwani. Waasi waliongozwa na Kamanda, ambaye alikuja na magwanda siku ya kwanza, akaona joto la Diani, akashinda na shati la maua kutoka duka la hoteli mpaka mwisho.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa viti. Waziri alitaka kukaa akiitazama bahari, kwa sababu anayeipa mgongo hutoka mweusi kwenye picha. Kamanda naye alitaka hivyo hivyo. Walibishana asubuhi nzima. Mwisho msuluhishi akaamua wote wakae upande mmoja wa meza, wakiitazama bahari, naye akae peke yake ng'ambo. Waliridhika. Tatizo ni kwamba hawakuweza kuonana bila kupinda shingo, na kufikia jioni Waziri alikuwa ameomba akandwe.

Jambo la kwanza walilokubaliana lilikuwa tumbili. Wakati wa chai tumbili mmoja alishuka kwenye paa la makuti, akachukua mahamri ya Waziri, akarudi akachukua ya Kamanda. Wakatazamana. Bila kuombwa na mtu, wakaandika malalamiko ya pamoja kwa meneja na wote wawili wakatia sahihi. Msuluhishi aliomba nakala. Alisema katika kazi yake yote hajapata kuona waraka mfupi na ulio wazi kama ule.

Kwenye daraja tulikwama. Serikali ilitaka waasi waondoke. Waasi walitaka jeshi la serikali liondoke. Niliandika kwamba majeshi "yataondoka", Kamanda akasema mtu huondoka kwake? Niliandika "yatarudi nyuma". Waziri akasema serikali hairudi nyuma, iko kwenye katiba. Niliandika "yatapisha." Wote wawili wakauliza kwa pamoja: "Yampishe nani?"

Ijumaa niliruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimkuta mke wangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikavuta kibao karibu naye nimsimulie.

"Sogea," akaniambia.

Nikasogea, magoti yetu yakagusana.

"Nimesema sogea, bwana wee! Umeniziba mwanga!"

"Si nimesogea?"

"Sogea huko, si huku!"

Tulibishana kuhusu neno hilo mpaka tui likaiva. Jumatatu nikamsimulia msuluhishi kisa hicho, kumchekesha tu. Hakucheka. Alitoa kalamu mfukoni.

"Mwalimu, ukisema 'majeshi yatasogea kwenye daraja', yanakwenda au yanatoka?"

"Haijulikani," nikamjibu. "Neno lina nyuso mbili. Na hiyo 'kwenye' nayo haisaidii kitu. Mimi nisingeliandika."

"Ahsante sana," akasema. "Liandike."

Nililiandika. Waziri akalisoma, akatabasamu: waasi watasogea, maana yake watatoka. Kamanda akalisoma, naye akatabasamu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anatabasamia nini. Wakatia sahihi, wakapeana mikono, shingo zikapindwa kwa ajili ya kamera. Wageni kutoka balozi mbalimbali walisifu "moyo wa kulegeza msimamo." Mimi nilisimama nyuma na suti yangu, na siwezi kudanganya, nilijiona mtu mkubwa. Niliwaza kwamba kitenzi changu kimezima bunduki.

Mvua zilipokwisha, redio ikatangaza. Majeshi ya pande zote mbili yamesogea. Yote yamesogea hapo hapo darajani, moja kutoka kila ng'ambo, mpaka yakabaki yakitazamana ana kwa ana katikati. Msemaji wa serikali alisema wanatekeleza makubaliano neno kwa neno. Msemaji wa waasi alisema hivyo hivyo. Risasi hazikupigwa, maana walikuwa karibu mno hata wa kupiga angejiumiza. Lakini hakuna aliyevuka. Mgonjwa, muuza chumvi, mwanamke anayekwenda kuzika nduguye, wote walirudishwa.

Mke wangu alisikiliza taarifa yote. "Hilo si neno langu?" akauliza.

"Ndilo."

Aliinuka akaizima redio, nami nilikaa pale nikiona aibu, ingawa sikujua nimwonee nani.

Wakaitwa tena Diani. Safari hii msuluhishi alikuwa amechoka, hakutafuta neno. Aliwauliza mmoja mmoja, faraghani, wanataka nini hasa. Ikabainika Waziri ana shemeji asiye na cheo, na Kamanda anamwogopa naibu wake mwenyewe, angependa huyo naibu apate kazi mbali naye. Siku hiyo hiyo ikaundwa Mamlaka ya Daraja, yenye wenyeviti wawili, kila mmoja na ofisi, gari na mlinzi. Shemeji akawa mwenyekiti. Naibu akawa mwenyekiti. Nikaambiwa niandike "yataondoka," na hakuna aliyepinga. Daraja ambalo watu walilifia likafunguliwa kwa viti viwili vya ofisi.

"Umekasirika, mwalimu," msuluhishi aliniambia tukinywa chai.

"Kumbe lilikuwa jambo hili tu?"

"Mara nyingi huwa ni jambo kama hili. Wewe ungependa wabaki pale mpaka wapate sababu nzuri?"

Nilikoroga chai yangu, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Ufunguzi tuliutazama nyumbani kwenye televisheni, mimi na mke wangu. Kulikuwa na utepe kila mwisho wa daraja, kwa kuwa wenyeviti hawakuafikiana nani akate. Walikuwa na hotuba ndefu, kila mmoja akimshukuru kiongozi wake kwa ujasiri. Mmoja akiwa bado anasoma, mwanamke mwenye kapu la dagaa kichwani alijitokeza nyuma yake. Aliushika utepe kwa vidole viwili, akauinua, akainama vizuri kapu lisianguke, akapita chini yake. Akaanza kutembea darajani peke yake, si haraka. Mlinzi alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, kisha akaurudisha.

Mke wangu alisogelea televisheni.

"Yule mama ni wa upande gani?" akauliza.

Nilitaka kumjibu, lakini kamera ilikuwa imeshamrudia mwenyekiti.