Ugomvi wa Ukuta wa Mbao

Dada yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake una kasi kuliko mashine yake. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mwingine akisema, tutakosana.

Chumba chake cha kazi kilipakana na cha Kinyozi, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba usioziba hata kikohozi. Yeye akishona, mwenzake akinyoa, waligombana kutwa nzima bila kuonana. Si ugomvi wa kweli. Kinyozi ana mke wake nyumbani, na dada aliwahi kuwa na mume, wakashindwana, basi. Walijifanya tu mke na mume walionuniana, kila mmoja kajifungia chumbani kwake. Leo wanagombea mwavuli wasiokuwa nao, kesho mbuzi ambaye hajazaliwa. Kuna watu walikuja kunyolewa hata nywele hazijaota, ili wasikilize.

Mimi ndiye niliyeanza kuwarekodi kwa simu na kuwarusha mtandaoni. Hakuna aliyeandika neno hata moja. Sheria ilikuwa "enhe" tu. Unaweka neno lako kwanza, ukiona umeishiwa unasema "Enhe?", na mwenzako lazima akupokee palepale ulipoliacha, apende asipende.

"Mwavuli umeupeleka wapi, wewe mwanamume?"

"Nimeiazimisha mvua."

"Mvua! Mvua na mwavuli wapi na wapi? Enhe?"

"Ilikuwa inalowa, mke wangu. Nikaionea huruma."

Watu wakavunjika mbavu, wakatumiana, na mwishowe televisheni ikabisha hodi.

Kule studio walitujengea ukuta mzuri kuliko wetu, umepakwa rangi, halafu wakautoboa dirisha kubwa katikati ili kamera iwaone wote wawili. Nikamwambia mwongozaji, "Kaka, hawa hawajazoea kuonana." Akanijibu kwamba televisheni ni macho, si masikio. Nikaketi, maana kwa watu unakaa kwa adabu.

Kisha ikaja skripti. Dada aliimeza yote. Kinyozi ikamshinda, si kwa kutojua kusoma, bali kila wakimwambia arudie alisema kitu kipya.

"Sema kama ulivyosema mwanzo," mwongozaji alimsihi.

"Nilivyosema mwanzo nilishasema," alijibu Kinyozi. "Neno limeshatoka, nitalirudishaje?"

Akalivua koti walilomvalisha, akalikunja vizuri, akarudi kunyoa. Dada akabaki. Msimlaumu. Alikuwa ameshona nguo za wenzake za kupigia picha miaka nenda miaka rudi, na sasa picha ilikuwa yake. Alikihama hata kile chumba, na tangu siku ile hakukanyaga tena mtaa ule. Mwenyewe alisema ni kukosa nafasi. Ilikuwa aibu.

Akapewa mume mpya, mwigizaji wa kusomea, meno meupe, hachelewi kazini. Waandishi nao walikuwa wameipenda ile "enhe", wakaijaza kila ukurasa. Siku moja, katikati ya kurekodi, dada akasahau maneno kikweli. Akasema lililomjia, kisha "Enhe?", na macho yake yalikuwa yanaomba. Yule bwana akajibu mstari wake uliofuata, kwa ufasaha kabisa, ule ulioandikwa. Mwongozaji akasema safi sana, twende mbele.

Tangu hapo akawa mtu wa kuwaza. Jioni alishona sebuleni, akiurushia maneno ukuta wa tofali, na tofali halina majibu.

"Namkumbuka," aliniambia. "Usinitazame hivyo, si mapenzi. Namkumbuka mtu wa kunipokea neno langu. Mdogo wangu, nasema kutwa nzima na hakuna anayenisikia."

Alimwandama mwongozaji mpaka yule mtu akachoka. Kipindi kimoja, bila skripti, na ukuta usio na dirisha. "Sawa," mwongozaji alisema. "Huyo kinyozi wako akikubali."

Tukaenda Jumapili jioni, kumwomba. Njia nzima dada alikuwa mchangamfu, anatania mpaka wauza vocha.

Mlango ulikuwa wazi. Kinyozi alikuwa ametupa mgongo, anamnyoa mzee mmoja, na televisheni ukutani ilikuwa inarudia kipindi chetu. Sauti wameizima. Maneno ya mume alikuwa anayatia yeye mwenyewe.

"Sijaliuza kabati, mke wangu. Limeondoka kwa miguu yake."

Wateja wakacheka. Pale kwenye televisheni dada akafungua mdomo, na Kinyozi akanyamaza, ananyoa tu. Mdomo ulipofungwa, akajibu kana kwamba amesikia kila kitu: "Hiyo sasa ni dharau. Kwetu kabati haliitwi jina hilo."

Dada wa kwenye televisheni akaanza tena. Mteja mmoja wa kwenye benchi akaona pengo, akalidakia kwa sauti nyembamba ya kike. Kinyozi akazima mashine.

"Hapo usiseme," alimwambia taratibu. "Hapo pana mwenyewe."

Dada akanishika mkono mpaka ukaniuma. Kisha akaniachia, akaingia. Kinyozi akamwona kwenye kioo. Hakumsalimia, hakumuuliza amepotelea wapi. Alikitazama kioo tu, akasema:

"Mke wangu, kabati limerudi, na limekuja na mgeni. Tumkalishe wapi?"

Benchi zima likageuka. Nami nikatulia, nasubiri raha, maana dada yangu hajawahi kukosa jibu, hata msibani.

Akafungua mdomo. Baadaye aliniambia kwamba maneno ya skripti yalimjia yote, ukurasa kwa ukurasa, hata ya vipindi ambavyo havijarekodiwa. La kwake halikuja hata moja.

Kinyozi akangoja, mashine mkononi. Mzee kitini, kichwa nusu kimenyolewa, naye akangoja. Na pale ukutani, kwenye televisheni, dada yangu alikuwa anaongea, mikono kiunoni, anaongea kwa kasi, bila sauti.