Matanzi ya Jikoni kwa Fanueli

Mwezi Machi hakuna aliyempenda Fanueli. Miezi mingine alivumilika, maana alikuwa fundi wa kutega kuchakulo, wale kindi wa mashambani, na hakuwa mchoyo wa mchuzi. Lakini masika yakikaribia, yeye ndiye aliyefunga msimu wa kutega. Kila mtegaji wa kitongoji chao, juu kidogo ya Mgwashi, alimpelekea matanzi yake ya waya za breki za baiskeli. Fanueli aliyafunga kwa kamba ya mgomba na kuyatundika kwenye boriti ya jikoni kwake, juu ya mafiga, yakae yakila moshi mpaka maharage yavunwe. Baba yake alifanya hivyo, na kamati ya mazingira ya kijiji ikamwachia kazi hiyo.

Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Miezi ile ndiyo kuchakulo hufukua mahindi yaliyopandwa. Mtu anapanda asubuhi, jioni anakuta vishimo tu.

"Lindeni, pigeni madebe, fukuzeni," aliwaambia. "Kutega, hapana. Majike yana watoto."

Hakuwaambia kila kitu. Ujanani mwake walitega masika mawili mfululizo bila kupumzika, na mwaka wa tatu hawakuona hata mkia. Aliyetega kuliko wote alikuwa yeye. Aibu ile ilimkaa rohoni, akawa mkali kama mlevi aliyeacha pombe.

Anord, jirani yake wa bondeni, aliuonja ukali huo. Miaka miwili nyuma Fanueli alikuta tanzi mpakani mwa shamba la Anord katikati ya Aprili, akampeleka mbele ya kamati. Anord akasombeshwa mawe ya barabara siku tatu, watu wakipita wanamtazama. Tangu hapo ikawa ni salamu tu, basi.

Mwaka huu, Aprili, Yudith mke wa Fanueli akawa hainuki tena kitandani. Ulikuwa ugonjwa wa koo, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, maana yake ikajulikana bila kusemwa. Ukungu ulikuwa mzito na chumbani baridi, kwa hiyo Fanueli akahamishia kitanda jikoni karibu na moto. Mgonjwa akawa analala chali, matanzi ya kitongoji kizima yakining'inia juu yake.

"Baba Shukrani," alimwambia siku moja, "nina hamu ya mchuzi wa kuchakulo. Kijiko kimoja tu."

"Subiri Julai, mama Shukrani."

"Haya."

Hakuomba tena, na hilo lilimuumiza Fanueli kuliko kama angelia. Alimpenda mno yule mwanamke. Alichinja kuku, Yudith akageukia ukutani. Akachinja wa pili, hali ikawa ileile. Mchana alikwenda kusimama mpakani mwa shamba, akawatazama kuchakulo wakirukaruka kwenye mti, kisha akarudi mikono mitupu. Angewezaje kutega, baada ya mawe ya Anord?

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Anord akaingia na sufuria iliyofungwa kwenye kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mama alimwambia mke wangu ana hamu ya kuchakulo. Loveness amempikia kidogo."

Fanueli aliinuka, akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Msimu umefungwa, Anord."

"Mzee, ngoja kwanza nikueleze..."

"Utaieleza kamati. Unaniletea humu, chini ya matanzi yenyewe?"

Yudith aliinua kichwa. "Mwache, baba Shukrani. Mwache."

Hakumwacha. Anord alimtazama mgonjwa, akaona haya kubishana mbele yake. Akabeba sufuria yake, akatoka. Yudith alijifunika blanketi mpaka usoni. Alhamisi akafariki, na kitu cha mwisho kupita kooni mwake kilikuwa maji ya uji.

Anord alikuja kuchimba kaburi pamoja na wengine. Fanueli hakumshtaki kwa kamati, na moyoni alijisifu kwamba amemhurumia.

Julai maharage yakavunwa. Watu walikuja kuchukua matanzi yao, wakiongea kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba. Kwa niaba ya Anord alikuja mkewe, Loveness.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amesema hana kinyongo, baba. Ila kuingia humu hawezi."

Fanueli alifungua matanzi, akampa. Loveness aliyapokea kwa mikono miwili, lakini hakuondoka.

"Ile nyama ilikuwa ya Februari," alisema. "Niliikausha uchagani juu ya moshi, nikamwekea binti yetu, angekuja kujifungulia kwetu. Mama Shukrani aliponiambia ana hamu, nikasema binti atakula kitu kingine."

Fanueli alikaa kitandani, kwenye kile kitanda ambacho hakuwa amekitoa bado. "Mbona hakusema?"

"Alianza kusema." Loveness aliinamisha macho. "Halafu tulijua ukifunua tu kifuniko utajua mwenyewe. Wewe tena, baba."

Ni kweli. Nyama mbichi na nyama iliyokaushwa, kitongoji kizima hakuna pua iliyozitofautisha kama yake. Na yeye alikuwa amekigandamiza kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, kisifunguke.

Watu walipokwisha kuondoka, kwenye boriti yalibaki matanzi yake peke yake, meusi kwa masizi. Hakuyashusha.

Siku mbili baadaye kitongoji kizima kilinukia mchuzi. Fanueli alikaa kizingitini na kikombe cha chai iliyopoa, na bila kuinuka aliweza kutaja ni nyumba ipi imepika nyama mbichi na ni ipi imepika ya kukausha.