Pahua, Muuaji wa Kaawaloa

Tarehe 14 Februari 1779, Kapteni James Cook, baharia Mwingereza, aliuawa ufukweni Kaawaloa, kwenye ghuba ya Kealakekua, kisiwani Hawaii. Hilo halina ubishi. Ubishi ulianza jioni ya siku hiyohiyo, juu ya nani aliyemuua, na kwa kuwa karibu kijiji kizima kilikuwepo, wauaji hawakuwa haba. Lakini hakuna aliyeufaidi uuaji huo kwa muda mrefu na kwa raha kama Pahua, mkulima wa magimbi, ambaye asubuhi ile hakuwepo.

Alikuwa juu, ndani ya pango nyuma ya migomba yake, akila na mkewe.

Jambo hilo halikuwa dogo. Enzi hizo mume na mke hawakula pamoja. Mwanamke aliyeonja nguruwe au ndizi alistahili kufa, na mume aliyemwonjesha asingebaki nyuma. Kamaile, mkewe Pahua, alikuwa bado bibi harusi, na alikuwa amemsumbua mumewe kwa swali moja tu: ndizi ina ladha gani? Pahua alikuwa amejaribu kueleza, akashindwa. Basi wageni walipoteremka na bunduki kumchukua mfalme awe rehani ya mashua yao iliyoibwa, na makuhani, mashujaa na walinzi wa mwiko wote wakakimbilia ufukweni, wanandoa wale waliona nafasi ambayo huenda isirudi. Pahua alichinja nguruwe mchanga, akabeba mkungu mdogo. Bunduki zilipoanza kulia chini ghubani, Kamaile aliacha kutafuna, akasikiliza, kisha akaendelea.

Jioni, Pahua akishuka peke yake, alikutana njiani na mlinzi wa mwiko mwenye mkuki. Mlinzi alilitazama winda lake.

"Damu hiyo ya nani?"

Habari za kifo cha nahodha wa wageni zilikuwa zimemfikia njiani, na Pahua aliyapima mambo upesi. Damu ya nguruwe ingezaa maswali, na mwisho wa maswali ulikuwa kaburi la watu wawili. Damu ya nahodha, kwa hali ilivyokuwa siku ile, ilikuwa kosa la kusamehewa, pengine hata sifa.

"Ya nahodha," alisema.

Mlinzi alimkumbatia.

Kwa namna hiyo mtu aliyekwepa adhabu ya kula akawa shujaa. Miaka ilipita, meli zikaongezeka, na Chifu Kahanu, aliyeirithi ghuba hiyo kwa baba yake, akagundua kwamba kila nahodha wa kigeni alitaka kuonyeshwa vitu viwili: jiwe alipoangukia marehemu na mtu aliyempiga. Jiwe lilipatikana, likateuliwa moja lililokuwa karibu na kivuli. Mtu naye alikuwa Pahua, kwa sababu wadai wengine ama walikuwa wamekufa, ama walikuwa wakigombana mbele ya wageni. Pahua alikuwa mpole. Aliinua rungu, akaonyesha alivyosimama, akaonyesha marehemu alivyoanguka, na wageni wakavua kofia. Pigo lake lilikuwa likikua kila meli ilipotia nanga.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa kutopanda mlimani, na hayo hayakuwa malipo madogo. Machifu walikuwa wakiwasukuma watu wao misituni kukata msandali kwa ajili ya wafanyabiashara wa ng'ambo. Watu walishusha magogo mgongoni hadi mabega yakaota sugu. Wengine walikufa huko kwa baridi, na mashamba yao ya magimbi yakaota nyasi. Pahua alibaki chini, amenenepa kiasi, akirekebisha mkao wa rungu.

Asiyeridhika alikuwa Kamaile. Kufikia wakati huo mfalme mpya alikuwa amekwisha kuketi hadharani akala na wanawake, na mwiko uliokuwa umeua watu vizazi na vizazi ukaisha kwa mlo mmoja. Wasichana walikula ndizi wakitembea. Siri ya pangoni haikuwa na hatari tena. Kuificha kulileta starehe tu, na starehe hiyo ilikuwa ya mumewe.

"Siku ile wanaume wote walimkimbilia yule mgeni," alimwambia, "wewe ukabaki na mimi. Ulikubali kufa kwa ajili ya ndizi yangu. Leo unataka nizikwe watu wakiamini ulikuwa naye yeye?"

Pahua alimjibu kwamba ukweli huo ungempandisha mlimani, na mgongo wake haukuwa na nafasi ya magogo. Kamaile alimwuliza kama moyo wake ulikuwa na nafasi yoyote. Siku hizo walikula pamoja, kama sheria ilivyoruhusu, bila kusemezana.

Ndipo ilipokuja manowari kutoka nchi ya marehemu, imejaa mizinga. Uvumi ulifika ufukweni kabla ya nanga: wamekuja kulipiza kisasi. Asubuhi hiyo Chifu Kahanu aliwakusanya watu, akatangaza uamuzi ambao mwenyewe aliuona wa haki kabisa. Wageni wakija na zawadi, zawadi zitagawanywa. Wakija na kamba, watakabidhiwa Pahua.

"Wewe ndiye uliyeua, mzee wangu," alisema kwa upole. "Hatuwezi kukunyang'anya heshima yako."

Opunui, mpiga ngoma wa chifu, mtu mnene aliyezoea kudai kwamba naye alipiga pigo moja, siku hiyo alikumbuka kwamba mwaka ule alikuwa bado ananyonya.

Mashua ilikuwa imekwisha kushushwa. Pahua aliitazama mizinga, kisha mlima, kisha mkewe, ambaye hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho. Akaliweka rungu chini.

"Bwana mkubwa, mimi sikuua mtu," alisema. "Nilikuwa pangoni, nakula na mke wangu. Nilimpa nguruwe na ndizi. Damu ile ilikuwa ya nguruwe."

Kikongwe mmoja akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata. Watu waliokuwa wamesikiliza masimulizi ya mauaji kwa miaka yote hiyo bila kushtuka sasa walimtazama Pahua kwa mshangao.

"Na wewe Kamaile, ulikula kweli?" kikongwe aliuliza.

"Nilikula."

"Ndizi ilikuwaje?"

"Haikuwa imeiva. Nguruwe ndiye alikuwa mtamu." Kamaile alikuwa akilia, na hakuficha.

Nahodha wa manowari aliteremka bila bunduki, kofia mkononi, macho yamemlowa. Mkalimani alieleza kwamba amekuja kuomboleza, wala hana kisasi na mtu. Tena ameleta koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu, amvishe yule wa mwisho kutazamana na marehemu, kama ishara ya msamaha. Kisha Opunui akapiga hatua mbele.

Koti halikufunga tumboni. Nahodha, ambaye bila shaka alijua hesabu, aliuliza iwapo huyu si kijana mno. Mkalimani akamjibu kwamba watu wa hapa hawazeeki upesi. Nahodha aliinamisha kichwa kwa heshima, akamshika Opunui mkono, akalia tena.

Chifu Kahanu hakumgombeza Pahua. Alisema tu kwamba mtu asiyeua hana sababu ya kukaa bure, na kesho yake akampa shoka. Wanawake hawakuwa wameitwa safari hiyo, lakini Kamaile alifunga kitambaa chake cha gome kiunoni akafuatana na mumewe. Kila waliyekutana naye njiani, Kamaile mwenyewe alimweleza, kabla hajaulizwa, mahali mumewe alipokuwa siku ile, akamwacha Pahua atangulie kidogo ili asione aibu.

Kama Pahua alishuka tena, haijulikani. Makaburi yake na ya Kamaile hayajulikani yalipo. Aliyetoa pigo la kwanza ufukweni Kaawaloa naye hajulikani hadi leo.